Kukwangua Si Kusugua: Istilahi za Kufufua Mashine kwa Kazi ya Mkono

Mara kwa mara hutokea kwamba jambo lililo wazi kabisa mikononi mwa fundi huingia giza pindi linapoandikwa. Mojawapo ya mambo hayo ni kazi ya kusawazisha nyuso za chuma kwa mkono, ambayo hufanywa wakati mashine ya karakana iliyochakaa inapofufuliwa ili irudie usahihi wake wa awali. Kazi hii hufundishwa kwa vitendo, mwanafunzi akisimama kando ya mwalimu wake mbele ya kipande cha chuma, na katika nchi yetu mazungumzo ya hapo kwa kawaida huwa ya Kiswahili. Lakini maelezo yaliyoandikwa aghalabu huwa yametafsiriwa na mtu ambaye hajapata kukiona chombo chenyewe kikifanya kazi.

Mezani petu zimepita tafsiri tatu za maelezo ya kazi hii. Ya kwanza ilimwagiza mwanafunzi ausugue uso wa chuma. Ya pili ilimwagiza aukwaruze. Ya tatu ilimwagiza aulainishe. Maneno yote matatu ni Kiswahili safi, wala hakuna msahihishaji wa lugha ambaye angeyatilia alama. Hata hivyo, mwanafunzi atakayeyatii ataharibu kazi, kila neno kwa namna yake. Na chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Katika makala hii tunakusudia kwanza kuieleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, kisha kuonyesha kwa nini maneno hayo hayafai, na mwishoni kupendekeza istilahi chache ili wasomaji wetu wazipime.

1. Mashine huchakaa vipi

Mashine tunazozisemea hapa ni zile zinazotumika kutengenezea mashine nyingine pamoja na vipuri vyake. Iliyo mashuhuri zaidi ni kerezo, ambayo huzungusha kipande cha chuma huku kisu kikikipunguza. Nyingine ni mashine za kuranda chuma na za kukichonga. Katika kila mojawapo ya mashine hizo mna nyuso ndefu, aghalabu za chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ambazo juu yake sehemu nyingine za mashine huteleza. Katika kerezo, kigari kinachobeba kisu huenda na kurudi juu ya nyuso hizo. Tunapendekeza nyuso hizi ziitwe mitelezo. Yafaa ikumbukwe kwamba kisu hufuata njia ya kigari, na kigari hufuata njia ya mitelezo. Kwa hiyo mtelezo uliopinda huzaa kipande kilichopinda, hata kama fundi ni hodari namna gani.

Mitelezo haichakai sawasawa. Kazi nyingi za kerezo ni za vipande vifupi, nazo hufanyiwa karibu na kichwa cha mashine, pale kipande kinaposhikwa. Chenga za chuma na vumbi huchanganyika na mafuta, zikaingia chini ya kigari na kuula mtelezo mahali pale pale kila siku. Baada ya miaka mingi hujitokeza bonde ambalo jicho halilioni. Kigari kinapofika hapo hushuka kidogo, kisu nacho hushuka, na ekseli iliyotakiwa kuwa na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Tofauti hiyo yaweza kuwa sehemu chache za mia za milimita, lakini beringi haitaikubali.

Mashine za namna hii si ngeni katika Tanzania. Karakana kubwa ya Mang'ula, katika bonde la Kilombero, ilianzishwa na Wachina kwa ajili ya ujenzi wa reli ya TAZARA uliofanywa kati ya mwaka 1970 na 1975. Huko Moshi kiwanda cha kutengeneza mashine za karakana kilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria. Katika mkoa wa Ruvuma, misheni ya Wabenediktini ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, imekuwa na karakana na mafunzo ya ufundi kwa vizazi kadhaa. Palipo na kerezo la miaka mingi, pana mtelezo ulioliwa. Na palipo na mtelezo ulioliwa, pana haja ya mtu anayejua kuusawazisha.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Maguu, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga. Kahawa yake humenywa kwa mashine, na mahindi yake husagwa kwa mashine. Ekseli ya mashine hiyo ikila, itambidi aipeleke kwa fundi mwenye kerezo, na kama hakumpata Mbinga mjini, ataendelea hadi Songea, safari nyingine ya kilomita 100 hivi. Ikiwa kerezo la fundi huyo limepinda, ekseli mpya itapinda, beringi itapata moto, na mkulima atarudi njia ile ile kabla ya mavuno kwisha. Hivyo suala la neno gani liandikwe katika kitabu cha mwanafunzi wa ufundi halikomei katika kamusi.

2. Kazi yenyewe

Chombo cha kwanza anachokutana nacho mwanafunzi si cha kukatia bali ni cha kupimia. Nacho ni bamba zito la chuma cha kusubu, au la jiwe la matale, ambalo uso wake umekwisha kuthibitishwa kuwa bapa. Mwalimu hupaka juu ya bamba hilo utando mwembamba sana wa rangi ya buluu iliyochanganywa na mafuta. Utando ukiwa mzito hudanganya, maana rangi hufika hata mabondeni. Kipande kinachofanyiwa kazi hulazwa kifudifudi juu ya bamba, husogezwa kidogo huku na huku, kisha huinuliwa. Palipoinuka hupokea rangi. Palipo bonde hubaki pakavu. Kwa njia hii uso ambao kwa macho ulionekana sawa hujifichua kuwa una vilima na mabonde.

Madoa hayo yana lugha yake, na kuisoma ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi darasani. Mahali palipoinuka kupita pote hubanwa sana na bamba hata rangi ikasukumwa pembeni: huonekana kitovu kinachong'aa kilichozungukwa na pete ya buluu. Mahali palipoinuka kiasi huwa na buluu tupu. Mwanafunzi asiyefundishwa hudhani kwamba penye rangi nyingi ndipo palipo juu zaidi, kumbe palipo juu zaidi ni pale kitovuni pasipo na rangi. Ndiyo maana istilahi moja ya doa haitoshi; panahitajika neno la kile kitovu pia. Tunapendekeza kiitwe jicho.

Hapo ndipo kinaposhikwa chombo cha kukatia. Ni ubapa mrefu wa feleji ngumu wenye mpini, na ncha yake imenolewa kwa mviringo mdogo ili pembe zake zisichimbe. Makali yake si membamba kama ya kisu cha jikoni. Yana pembe iliyo karibu na mraba, na kwa hiyo hayazami katika chuma bali huondoa utando wa juu tu. Mpini wa chombo kirefu huegemezwa nyongani, na nguvu ya kusukuma hutoka katika mwili mzima. Kila msukumo ni mfupi, pengine wa urefu wa ukucha, na chuma kinachotoka ni cha unene wa elfu chache tu za milimita. Fundi hugusa madoa peke yake. Mahali pakavu hapagusi kabisa.

Madoa yote yakishaguswa, jiwe laini hupitishwa kwa wepesi ili kuondoa ncha ndogo zilizoachwa na makali, uso hufutwa kwa uangalifu, na kipande hurudishwa bambani. Safari hii madoa huwa mengi zaidi na madogo zaidi. Mzunguko wa pili hufanywa kwa mwelekeo unaokata ule wa kwanza, ili mistari isifuatane na kuzaa mawimbi. Hivyo huendelea, mzunguko baada ya mzunguko, na mizunguko 20 au zaidi si ajabu. Kazi hupimwa kwa kuhesabu madoa ndani ya mraba wenye ubavu wa milimita 25. Kwa mitelezo ya mashine za kawaida hutafutwa madoa 10 hadi 20 hivi. Kwa mabamba ya kupimia hutafutwa zaidi ya hapo. Lakini idadi peke yake haitoshi: yapasa madoa yawe yametapakaa sawasawa toka ukingo hadi ukingo.

Kuna jaribio jingine ambalo halihitaji rangi. Kipande kirefu kikilazwa juu ya bamba na kusukumwa polepole kwa kidole kwenye ncha moja, huzunguka juu ya sehemu zinazokibeba. Kikizunguka juu ya kitovu chake, kimebinuka katikati. Ncha zikishikamana na bamba na kuwa ndizo mahali pa kuzungukia, kina bonde katikati. Kikiwa sawa, mahali pa kuzungukia huwa karibu theluthi moja ya urefu kutoka kila ncha. Kwa kuwa fizikia yetu tayari inalo neno egemeo, twaweza kuliita hili jaribio la egemeo bila kubuni neno jipya.

Joto nalo lina sehemu yake. Rula ya chuma cha kusubu yenye urefu wa mita 1 hurefuka kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita kwa kila nyuzi 1 ya Selisiasi inayoongezeka. Kipimo hicho chazidi unene unaoondolewa kwa msukumo mmoja. Katika milima ya Umatengo, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali na jua la mchana huwa na nguvu, karakana yenye dirisha linaloruhusu jua kuangukia bamba itasahihisha mchana makosa ambayo asubuhi hayakuwapo. Mwalimu makini hungoja mpaka bamba na kipande vimekuwa na joto moja.

3. Mabamba matatu

Msomaji ataweza kuuliza: ikiwa kila uso husahihishwa kwa bamba, bamba lenyewe lilisahihishwa kwa nini? Jibu la swali hili ni mojawapo ya mambo mazuri katika historia ya ufundi. Mwaka 1840, katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Glasgow, mhandisi wa Kiingereza Joseph Whitworth alieleza njia ya kupata uso bapa bila kuwa na uso bapa wa kuanzia. Whitworth alikuwa amefanya kazi London katika karakana ya Henry Maudslay, ambako usahihi wa nyuso ulithaminiwa mno.

Ukiwa na mabamba mawili tu na kuyasahihisha moja kwa jingine, yaweza kupatana kabisa na bado yote yakawa na kasoro: moja limebinuka na jingine lina bonde, kila moja likijaza upungufu wa mwenziwe. Wawili waweza kuafikiana katika uongo. Lakini ukileta bamba la tatu, na kusahihisha la kwanza kwa la pili, la pili kwa la tatu, na la tatu kwa la kwanza, mapatano ya namna hiyo hayawezekani tena. Bamba lenye bonde haliwezi kupatana na bamba jingine lenye bonde. Uso wa pekee unaoweza kulingana na zote mbili, hali zenyewe zikilingana, ni uso bapa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza bamba la kupimia liitwe bamba sanifu. Neno sanifu hapa halimaanishi kwamba mtu mwenye mamlaka ametangaza ubora wake. Limepata hadhi hiyo kwa kulinganishwa na mengine mpaka kosa likakosa mahali pa kujificha. Sisi tunaoshughulika na usanifishaji wa lugha tungefanya vyema kulikumbuka jambo hilo.

Katika hotuba yake Whitworth alikuwa na hoja nyingine, nayo yatugusa kwa karibu zaidi. Wakati ule mafundi wengi walisawazisha nyuso kwa kuweka unga mkali baina ya vipande viwili na kuvisuguanisha. Aliipinga desturi hiyo kwa sababu unga haukai mahali pamoja: hujikusanya upande mmoja na kupungua upande mwingine, kwa hiyo hula bila kuchagua. Tena hubaki ndani ya chuma na kuendelea kula baada ya mashine kuanza kazi. Badala yake alitaka chuma kiondolewe kwa makali, mahali palipoonyeshwa na rangi tu. Hivyo tofauti baina ya kazi hizi mbili ilikuwa ni tofauti ya msingi tangu awali, na mfasiri anayezichanganya anairudisha kazi nyuma ya mwaka 1840.

4. Vitenzi vinavyoshindania nafasi moja

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya kuondoa kitu juu ya uso wa kitu kingine. Utajiri huo ndio unaomponza mfasiri, maana kila kitenzi kina mkono wake.

Kusugua ni kupitisha kitu juu ya kingine kwa kwenda na kurudi, mahali pote, hadi uchafu utoke au ung'ao upatikane. Tunasugua sakafu, tunasugua meno. Mwanafunzi akiambiwa asugue mtelezo, atachukua msasa na kuupitisha pote, mabondeni na vilimani sawasawa. Baada ya saa moja mtelezo utang'aa kama kioo, na bonde litakuwa pale pale.

Kusaga ni kuponda kitu baina ya vitu viwili vigumu. Neno hili hutumika vizuri kwa ile kazi ya unga mkali aliyoipinga Whitworth, na mwanafunzi wa Maguu aliyekulia karibu na mashine ya mahindi hatalikosea. Basi na libaki huko, kwa kazi hiyo.

Kukwaruza kuna ubaya mkubwa zaidi. Katika matumizi ya kawaida kitenzi hiki ni cha madhara: mtu amekwaruzwa na miiba, gari limekwaruzwa ukutani. Hata katika karakana yenyewe, mistari inayoachwa na chenga chini ya kigari huitwa mikwaruzo. Tukikitumia kwa kazi ya kusahihisha, basi maradhi na dawa yake vitakuwa na jina moja, na maelezo yatamwambia mwanafunzi akwaruze mtelezo ili kuondoa mikwaruzo.

Kukuna kumekaribia, lakini katika kukuna nazi tunachokitaka ni kile kinachotoka, kifuu hutupwa. Katika kazi hii tunachokitaka ni kile kinachobaki.

Kupara kuna watetezi wake. Kandokando ya Ziwa Nyasa, toka Liuli hadi Mbamba Bay, samaki huparwa magamba kila siku, na mwendo wa mkono unafanana kiasi na wa fundi. Hata hivyo mpara samaki huanza mkiani na kuendelea hadi kichwani, hachagui gamba la kuacha. Magamba ni vazi la samaki, nalo lapasa kuondolewa lote.

Kilichosalia ni kukwangua. Mpishi anayekwangua sufuria huiangalia kwanza, akaona ukoko uko wapi, akaweka makali pale ulipo, akasukuma kwa mwendo mfupi, akatazama tena. Palipokwisha kuwa safi hapagusi. Makali, mwendo mfupi, uteuzi wa mahali, kutazama upya: sifa zote nne za kazi ya fundi zimo katika kitenzi hiki cha jikoni. Wala tusione haya kwamba ni cha jikoni. Wajerumani, ambao mashine zao zimesambaa ulimwenguni kote, kazi hii huiita schaben, na kwa kitenzi hicho hicho hukwangua karoti. Istilahi ya ufundi haihitaji kuwa ngeni ili iheshimiwe.

Kutokana na kitenzi hiki tunapata ukwanguaji kwa kazi na mkwanguaji kwa mtendaji. Kwa chombo kuna njia mbili: kikwangulio, kwa kupitia kauli ya kutendea kama ilivyo katika kichujio na kikaangio, au kikwanguo, kwa mfano wa kizibuo kinachotokana na kuzibua. Tunapendelea kikwanguo kwa ufupi wake. Kikwanguo bapa ni cha mitelezo na mabamba. Kikwanguo mviringo ni cha ndani ya vikombe vya beringi zilizofunikwa metali nyeupe. Hizo hukwanguliwa kwa kanuni ile ile, ila ekseli yenyewe ndiyo inayopakwa buluu na kuzungushwa ndani ya kikombe ili kuonyesha madoa.

5. Laini, nyoofu na bapa

Limebaki lile kosa la tatu, la kulainisha, ambalo ndilo lililojificha zaidi. Katika lugha ya kila siku uso mzuri ni uso laini, na kwa hiyo mfasiri huona kwamba lengo la kazi hii ni ulaini. Sivyo. Ulaini ni hali ya uso inayohisiwa na kiganja. Unyoofu ni hali ya mstari. Ubapa ni hali ya uso mzima kutokuwa na mbinuko wala bonde, kama ubapa wa upanga. Kioo kilichopinda ni laini lakini si bapa. Uso uliokwanguliwa ni bapa, lakini ukiutazama kwa karibu utaona si laini hata kidogo: umejaa vishimo vyenye kina cha elfu chache za milimita baina ya madoa yanayobeba uzito.

Vishimo hivyo vina kazi. Nyuso mbili zilizo bapa na laini kupita kiasi zikiwekwa pamoja husukuma mafuta yote nje, kisha zikanatana. Kigari huenda kwa kushtukashtuka badala ya kuteleza. Vishimo huhifadhi mafuta na kuyatoa kidogo kidogo wakati kigari kinapopita. Baadhi ya mafundi, wakishamaliza kusahihisha, huchonga makusudi safu za vishimo vyenye umbo la mwezi mwandamo. Wengi huvidhani kuwa ni pambo.

Je, vishimo hivi viitweje? Vishimo vya mafuta ni maelezo, si istilahi. Hapa tunarudi Maguu. Wamatengo, kwa vizazi vingi, wamelima miteremko mikali ya milima yao kwa njia iitwayo ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hata mteremko mzima ukagawanyika miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo, ambazo huoza na kuwa mbolea. Matokeo yake ni matuta yanayobeba mazao, maharage kwanza na mahindi katika msimu unaofuata, na mashimo katikati yake. Mvua inaponyesha, maji hayatiririki kuchukua udongo, bali hutulia katika mashimo na kupenya polepole. Mteremko wa ngoro si laini, na kwa sababu hiyo ndiyo maana udongo wake haujahama.

Mfano huu walingana na uso uliokwanguliwa karibu kila hatua: kilichoinuka kinabeba, kilichochimbwa kinahifadhi, na mistari inakatana. Tunapendekeza, basi, kwamba kishimo kinachohifadhi mafuta katika uso uliokwanguliwa kiitwe ngoro. Kanuni za kuunda istilahi zinaturuhusu, pale Kiswahili chenyewe kinapokosa neno, kugeukia lugha za Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo. Ndivyo tulivyopata ngeli kutoka Kihaya, na kitivo kutoka lugha za milima ya Upare na Usambara. Hata katika karakana jambo hili si geni: msasa ulikuwa jani la mti, lenye kukwaruza, kabla ya kuwa karatasi ya dukani.

Pengine itasemwa kwamba mwanafunzi wa Tanga au Mwanza hajui ngoro ni nini. Ni kweli. Lakini hajui pia neno la Kiingereza, na tofauti ni kwamba hili la kwetu mwalimu anaweza kulichorea picha ubaoni, na picha hiyo itamwonyesha kwa nini uso wa chuma usilainishwe.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kufufua mashine: kuirudishia mashine iliyochakaa usahihi wake wa awali. Tumeacha kutengeneza kwa kuwa neno hilo hubeba pia maana ya kuunda kitu kipya, na kukarabati kwa kuwa ni pana mno.

Mtelezo: uso wa mashine ambao juu yake sehemu nyingine huteleza.

Kukwangua: kuondoa chuma kidogo kidogo kwa makali, mahali palipoonyeshwa na rangi tu.

Kikwanguo: chombo cha feleji ngumu cha kukwangulia, chaweza kuwa bapa au mviringo.

Bamba sanifu: bamba ambalo ubapa wake umethibitishwa na ambalo nyuso nyingine hulinganishwa nalo.

Doa: alama ya rangi mahali uso ulipogusa bamba sanifu.

Jicho: kitovu kinachong'aa ndani ya doa, kinachoonyesha mahali palipoinuka kupita pote.

Jaribio la egemeo: njia ya kutambua mbinuko au bonde kwa kutazama mahali kipande kinapozungukia.

Ubapa: hali ya uso mzima kutokuwa na mbinuko wala bonde, usichanganywe na ulaini wala unyoofu.

Ngoro: kishimo kinachohifadhi mafuta katika uso uliokwanguliwa.

Maneno haya bado ni mapendekezo. Kabla hayajapelekwa mbele ya kamati, tungependa walimu wa ufundi wayajaribu mahali pake hasa, yaani karakanani, kwa mwanafunzi ambaye hajapata kushika kikwanguo. Mwalimu amsomee agizo lililoandikwa, kisha anyamaze na kuitazama mikono yake. Ikiwa mwanafunzi atapaka buluu, atatafuta jicho, na kuacha mahali pakavu bila kupagusa, neno limefaa. Akinyoosha mkono kutafuta msasa, neno halikufaa, hata kama sisi tumeliafiki. Na tungeomba tuandikiwe neno ambalo mwalimu alilazimika kulitumia ili kumzuia.